Makocha wapitao njia ya Tabora: Mchezaji akigeuka kocha, nani atampa muda?

NOVEMBA 7, 2024, timu kutoka Tabora iliingia Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, jijini Dar es Salaam, ikiwa haipewi nafasi hata ya sare mbele ya Yanga, mabingwa watetezi wa Ligi Kuu Tanzania Bara. Dakika 90 zilipomalizika, Tabora United ilikuwa imeshinda mabao 3-1. Offen Chikola alifunga mawili, Nelson Munganga moja, na Clement Mzize akaifungia Yanga bao la kufutia machozi.

Siku nane baadaye, Novemba 15, Yanga ilitangaza kuachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Huyu ni Muargentina aliyecheza soka kwao kabla ya kugeukia ualimu, na miezi michache tu iliyotangulia alikuwa ameipa klabu hiyo ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la Tanzania.

Hadi hapo habari hiyo haikuwashangaza wengi. Kocha wa timu kubwa akifungwa na timu ya mkoani, jina lake huanza kutajwa kwa wakati uliopita. Jambo lililopita bila kelele ni lile lililotokea upande wa pili. Kabla ya msimu huo wa 2024/25 kumalizika, Anicet Kiazayidi, Mkongomani aliyeiongoza Tabora United kupata ushindi ule, naye alikuwa ameondoka.

Aliyefungwa alifukuzwa na aliyefunga hakudumu. Hapo ndipo penye swali ambalo wadau wa soka nchini wamekuwa wakilikwepa: mchezaji anapotundika daluga na kushika filimbi ya ualimu, kazi yake hupimwa kwa kipimo gani, na nani anampa muda wa kuifanya?

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Tabora. Katika karne ya 19 mji huo uliishi kwa biashara ya watu waliokuja, wakapumzika, wakalipana na kuondoka.

Kirangozi alikuwa nani?

Kabla ya reli, barabara iliyoiunganisha pwani na bara ilikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, ikipita Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kisha kuendelea hadi Ujiji kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani na nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Watumwa nao walipitishwa humo, na hilo ni doa ambalo historia ya njia hiyo haiwezi kulifuta.

Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu ambao sifa yao ya kazi hiyo ilifika hadi Unguja. Mbele ya msafara alitembea mtu aliyeitwa kirangozi, akiwa na bendera mkononi. Yeye ndiye aliyejua visima vilipo, mahali pa kulala, mtemi wa kulipwa hongo na siku ya kupumzika.

Kirangozi hakuletwa kutoka nje ya kazi. Kwa kawaida alikuwa mpagazi mzoefu, aliyekwisha kuibeba mizigo ileile katika njia ileile, na wenzake wakamwamini kwa sababu hiyo. Kwa lugha ya soka la leo, alikuwa mchezaji aliyegeuka kocha.

Mfano unaojulikana zaidi ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa India, akarejea Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Mwaka 1857 alikuwa mbeba bunduki katika msafara wa Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, uliofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 7 mwaka huo, ukiwa umetumia siku 134 kutoka pwani. Kwa sadfa, ni tarehe ileile ambayo Tabora United iliilaza Yanga miaka 167 baadaye.

Bombay hakubaki mbeba bunduki. Alisafiri tena na Speke kuanzia mwaka 1860, akawa mkuu wa askari wa msafara wa Henry Morton Stanley mwaka 1871, na mwaka 1873 akaongoza watu wa Verney Lovett Cameron. Msafara huo ulitoka Bagamoyo, ukapita Tabora na kuvuka bara zima hadi pwani ya Angola, ulikofika mwaka 1875. Kila safari ilimpa cheo kikubwa kuliko ile iliyotangulia, kwa kuwa kila safari ilimwacha akijua zaidi.

Ipo desturi nyingine ya njia hiyo isiyotajwa mara kwa mara. Wapagazi wengi waliotoka pwani walikodiwa mpaka Unyanyembe tu. Wakifika hapo walitua mizigo, wakapokea ujira wao na kutawanyika, na mwenye msafara akalazimika kutafuta watu wapya. Burton mwenyewe alikwama Kazeh kwa zaidi ya mwezi mmoja akisubiri wapagazi. Tabora, kwa maneno mengine, ndipo mikataba ilipokuwa ikiishia.

Waliopita benchi la Tabora

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ya miguu ikafa. Kwa miaka ya karibuni, hata hivyo, benchi la ufundi la timu ya mji huo limefanana mno na kituo kile cha zamani.

Timu yenyewe ilianza kama Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamishia makazi yake Tabora na kupanda Ligi Kuu kwa ajili ya msimu wa 2023/24. Baadaye iliitwa Tabora United, na mashabiki wakaipa jina la utani la Nyuki wa Tabora, kwa heshima ya asali ambayo mkoa huo unasifika nayo.

Katika msimu huo wa kwanza ilifundishwa na Goran Kopunović, mchezaji wa zamani kutoka iliyokuwa Yugoslavia, ambaye Tanzania haikuwa ngeni kwake. Alikuwa ameinoa Simba mwaka 2015 na kuipa Kombe la Mapinduzi Januari ya mwaka huo. Hakumaliza msimu Tabora.

Timu ilipofika kwenye mechi za mchujo za kuwania kubaki Ligi Kuu, benchi lilikuwa chini ya Mrundi Masoud Djuma. Huyu naye ni mchezaji aliyegeuka kocha. Aliichezea Rayon Sports ya Rwanda, kisha akarudi kuifundisha na kuipa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2017, kabla ya kuwa kocha msaidizi wa Simba. Tabora United ilinusurika mbele ya Biashara United na kubaki Ligi Kuu.

Msimu uliofuata alikuja Mkenya Francis Kimanzi. Wasifu wake haukuwa wa kubahatisha. Aliichezea Mathare United, akaifundisha na kuipa ubingwa wa Kenya mwaka 2008, na katika mwaka huohuo akiwa na Harambee Stars nchi yake ilipanda hadi nafasi ya 68 katika viwango vya Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA), nafasi ya juu kuliko zote ilizowahi kushika. Hata hivyo, Novemba 2024 ilipoanza, Kimanzi hakuwa tena kwenye benchi la Tabora. Ndipo akaja Kiazayidi, akaifunga Yanga, naye akaondoka.

Yupo anayeweza kusema kuwa matokeo yalihalalisha mabadiliko hayo, kwa kuwa timu ilimaliza msimu wa 2024/25 katika nusu ya juu ya msimamo. Hoja hiyo ina ukweli wake, na haifai kupuuzwa. Lakini timu hizo ziliporudiana Aprili 2, 2025 katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, mbele ya mashabiki waliosubiri kuona tena maajabu ya Chamazi, Yanga ilishinda 3-0. Miezi michache baadaye Chikola, shujaa wa Novemba, alisajiliwa na Yanga hiyohiyo.

Mreno aliyetokea Angola

Mjadala wa makocha hapa nchini huishia mara nyingi kwenye rangi ya pasipoti. Kundi moja hudai wageni wanakula fedha za bure, na jingine hudai wazawa hawana upeo. Safari za Wareno wawili zinaonyesha kuwa mjadala huo unakosea mahali pa kuanzia.

Wa kwanza ni Abel Xavier. Alizaliwa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1972, akakulia Ureno na kuwa beki wa timu ya taifa ya nchi hiyo. Alizichezea Benfica, Everton, Liverpool, Roma na nyingine nyingi. Mashabiki wa rika la kati wanamkumbuka kwa nywele zake alizozipaka rangi ya dhahabu, na kwa mpira uliomgonga mkononi katika nusu fainali ya Euro 2000, ukazaa penalti ambayo Zinedine Zidane aliifunga na kuipeleka Ufaransa fainali.

Alipoacha kucheza aligeukia ualimu katika klabu za Ureno, na mwaka 2016 akarudi nchi alikozaliwa kuifundisha timu ya taifa ya Msumbiji. Alipewa takriban miaka mitatu. Alikaribia kuifikisha timu hiyo kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2019, lakini sare ya 2-2 ugenini dhidi ya Guinea-Bissau Machi 2019 iliiacha na pointi 8. Namibia nayo ilikuwa na pointi 8, na ikafuzu kwa rekodi bora ya mechi walizokutana. Jina kubwa la uwanjani halikutosha kumvusha, na safari yake Maputo ikaishia hapo.

Wa pili ni Pedro Gonçalves, ambaye Yanga ilimtangaza kuwa kocha wake mkuu Oktoba 2025. Huyu hakuja na sifa ya kutikisa viwanja vya Ulaya kama mchezaji. Jina lake lilijengwa kwa kufundisha vijana, kwanza katika klabu ya Sporting ya Lisbon, kisha kuanzia mwaka 2015 katika kituo cha vijana cha Primeiro de Agosto mjini Luanda.

Watanzania walimwona kwa mara ya kwanza Aprili 2019, ingawa wachache waliliweka jina lake akilini. Ndiye aliyekuwa kocha wa Angola katika fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 zilizofanyika Dar es Salaam. Timu yake iliifunga Serengeti Boys 4-2 katika hatua ya makundi, na mwisho ikashika nafasi ya tatu kwa kuifunga Nigeria 2-1. Mwaka huohuo vijana hao walifika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia la umri huo nchini Brazil.

Chama cha soka cha Angola kilimpandisha mwaka huohuo kuifundisha timu ya wakubwa, na hapo ndipo somo lilipo. Angola haikufuzu AFCON ya mwaka 2021. Katika klabu nyingi za hapa nchini, hiyo ingekuwa tiketi ya ndege. Angola ilimwacha aendelee. Katika AFCON ya 2023, iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, timu yake iliongoza kundi lililokuwa na Algeria na Burkina Faso, ikaifunga Namibia 3-0, na ikaishia robo fainali kwa kufungwa 1-0 na Nigeria. Mwaka 2024 ilitwaa pia Kombe la COSAFA, na ikafuzu AFCON ya 2025 ikiwa kileleni mwa kundi lililokuwa na Ghana.

Walipoachana naye mwaka 2025, alikuwa ameiongoza timu ya taifa kwa takriban miaka sita. Huenda hakuwa na kipaji kikubwa kuliko cha Abel Xavier. Tofauti iliyo wazi ni kwamba aliwafahamu wachezaji wake tangu wakiwa watoto, na waajiri wake walivumilia anguko la kwanza.

Klabu aliyojiunga nayo Dar es Salaam haina historia ya uvumilivu huo. Tangu Gamondi aondoke Novemba 2024, Yanga ilipitia mikononi mwa Sead Ramović, aliyeondoka mwenyewe Februari 2025 kwenda Algeria, kisha Miloud Hamdi aliyetwaa ubingwa, kisha Romain Folz aliyeondolewa Oktoba 2025 baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers ya Malawi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Gonçalves alikuwa jina la tano katika muda usiotimia mwaka mmoja.

Aliyefukuzwa na aliyefuzisha

Kuna kisa kingine kinachoonyesha jinsi kipimo kinachotumika kilivyo butu. Gamondi, aliyeng'olewa baada ya kipigo cha Tabora, hakutoweka. Alirejea nchini mwaka 2025 kuifundisha Singida Black Stars, na Novemba ya mwaka huo akakabidhiwa Taifa Stars kwa muda. Katika AFCON iliyofanyika Morocco, Tanzania ilitoka sare na Uganda na Tunisia, ikaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake, na ikatolewa na wenyeji kwa bao 1-0 Januari 4, 2026.

Je, kocha huyo alikuwa ameharibika Novemba 2024 na kupona Desemba 2025? Hakuna anayeamini hivyo. Kilichobadilika ni matarajio yaliyowekwa juu yake.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, na haki inadai usemwe. Aliyeifuzisha Taifa Stars kwenda Morocco, kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea Novemba 2024, ni mzawa Hemed Suleiman 'Morocco'. Ndiye pia aliyeifikisha timu robo fainali ya CHAN Agosti 2025. Aliondolewa muda mfupi tu kabla ya fainali alizozitolea jasho.

Juma Mgunda anaijua hali hiyo vizuri. Alikuwa mshambuliaji wa kikosi cha Coastal Union ya Tanga kilichotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, na baadaye akawa kocha wa klabu hiyohiyo. Septemba 2022, Simba ilipoachwa ghafla na kocha wake, Mgunda aliitwa kuziba pengo. Alishinda mechi zote mbili dhidi ya Nyasa Big Bullets ya Malawi, kisha akaenda Luanda na kuifunga Primeiro de Agosto 3-1, na nyumbani 1-0, akaipeleka Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Januari 2023 Simba ilimleta Mbrazili Roberto Oliveira 'Robertinho', na Mgunda akarudi nafasi ya pili. Aprili 2024, kocha mwingine alipoondoka, Mgunda aliitwa tena kuziba pengo. Msafara unapopotea njia, mzawa huambiwa ashike bendera. Njia ikishaonekana, hunyang'anywa.

Gharama anayelipa nani?

Viongozi wa klabu husema kuwa kubadilisha kocha ni rahisi kuliko kubadilisha wachezaji 25. Kwa hesabu ya wiki moja, wako sahihi. Kwa hesabu ya miaka, Tabora ina kumbukumbu inayoonyesha vinginevyo.

Agosti 16, 2023, Kitayosce ilianza safari yake ya Ligi Kuu dhidi ya Azam FC ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani. Klabu ilikuwa imetoka kwenye kifungo cha FIFA cha kusajili wachezaji, kilichotokana na madai ya fedha ya kocha wake wa zamani, na taratibu za usajili wa nyota wake wengi hazikuwa zimekamilika. Ilipofika dakika ya 15 Azam ilikuwa ikiongoza 4-0, wachezaji wawili wa Kitayosce walikuwa wameumia, na mwamuzi akalazimika kuvunja mchezo kwa kuwa idadi iliyobaki haikutosha kikanuni.

Mkoa uliokuwa umeisubiri Ligi Kuu tangu Rhino Rangers iliposhuka daraja msimu wa 2013/14 ulikaribishwa kwa picha hiyo. Deni la kocha mmoja aliyekwisha kuondoka liliwafikia vijana wanane waliovaa jezi siku ile bila kosa lao.

Wapo pia wanaolipa gharama isiyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Kila kocha mpya huja na mfumo wake na wachezaji wake. Kijana wa Tabora aliyeanza kuaminiwa na kocha wa Agosti hujikuta jukwaani kwa kocha wa Novemba. Mkoa huu haukosi vipaji wala viwanja vya kuvitafutia. Mwaka 2022 ulikuwa mwenyeji wa michezo ya kitaifa ya wanafunzi ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Kinachokosekana ni mtu anayekaa muda wa kutosha kuwaona vijana hao wakikua, kama Gonçalves alivyowaona wale wa Luanda.

Si kwamba jambo hilo haliwezekani hapa nchini. Mecky Mexime, nahodha wa zamani wa Mtibwa Sugar na Taifa Stars, aliifundisha Mtibwa, kisha mwaka 2016 akaenda Kagera Sugar na kudumu huko hadi mwaka 2021. Msimu wake wa kwanza Kagera ilimaliza ya tatu. Misimu iliyofuata haikuwa mizuri kama huo, lakini mwajiri hakukimbilia kumfungashia virago kila timu ilipoteleza. Timu hiyo nayo ni ya mkoani, na nayo haina fedha za Simba na Yanga.

Jina jipya, mtihani uleule

Katikati ya mwaka 2025, Tabora United ilibadilishwa jina na kuwa TRA United, baada ya kuingia chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mabadiliko hayo yanaweza kutazamwa kwa macho mawili.

Kwa upande mmoja, mwajiri mwenye mapato ya uhakika anaweza kulipa mishahara kwa wakati na kuheshimu mikataba, jambo lililowasumbua wengi waliotangulia. Historia ya Kagera na Mtibwa inaonyesha kuwa timu za taasisi zinaweza kuwapa makocha utulivu ambao timu za wanachama hushindwa kuwapa.

Kwa upande mwingine, jina la mkoa limetoka kwenye jezi. Timu iliyohamia Tabora kutoka Kilimanjaro inaweza pia kuhama Tabora. Wakazi walioijaza Ali Hassan Mwinyi wana haki ya kuuliza kama timu hiyo ina mizizi pale, au nayo imetua mizigo kwa muda tu ikisubiri kuendelea na safari.

Jibu la swali hilo halitatokana na hotuba. Litaonekana katika mambo matatu yanayoweza kupimwa. La kwanza ni mkataba wa kocha mkuu: je, unataja lengo la misimu miwili au mitatu, au unataja mechi tano zijazo? La pili ni msaidizi wake: je, ni mchezaji wa zamani wa Tabora anayeandaliwa kushika nafasi hiyo, akisomeshwa kwa ngazi za leseni za Shirikisho la Soka Afrika (CAF), au ni mtu anayekuja na kuondoka na bosi wake? La tatu ni kikosi cha vijana: je, anayekifundisha anajulikana kwa jina na analipwa?

Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi nao wana sehemu yao. Klabu inayomwondoa kocha katikati ya msimu ingeweza kutakiwa kuthibitisha, kabla ya kumwandikisha mwingine, kuwa imemlipa aliyeondoka au imekubaliana naye kwa maandishi. Sharti hilo pekee lingewafanya viongozi wengi wahesabu mara mbili, na lingeiepusha nchi na aibu ya kuanza ligi na wachezaji wanane.

Mashabiki nao hawawezi kujitoa. Wale wanaopiga simu redioni kudai kocha aondoke baada ya sare mbili ndio haohao wanaolalamika mwaka unaofuata kwamba timu haina mfumo.

Bombay alipita Tabora mara nyingi katika maisha yake, na kila mara alikuwa na cheo kikubwa kuliko mara iliyotangulia, kwa sababu waliomwajiri walihesabu safari alizomaliza. Kimanzi, Djuma, Kopunović na Kiazayidi walipita Tabora mara moja kila mmoja, na hakuna kati yao aliyepewa nafasi ya kuanza msimu na kuumaliza.